Rumangabo haina namba ya posta, lakini wakaaji wake si wezi

RUMANGABO, teritwari ya Rutshuru. – Kisanduku kimeandikwa kwa Kiingereza au kwa Kifaransa, kina nyota nyekundu pembeni, na maana yake ni moja: andika namba ya posta ya mahali unapokaa, bila hiyo hatuendelei. Mkaaji wa Rumangabo anayetaka kununua kitu kwa kadi ya banki kwenye duka la Ulaya au la Marekani anaanzia hapo, na mara nyingi anaishia hapo. Kongo haina namba za posta ambazo watu wanazitumia. Rumangabo haina njia zenye majina wala nyumba zenye namba. Iko kando ya barabara ya kitaifa namba 2, karibu kilomita 50 kaskazini mwa Goma, katika sheferi ya Bwisha, na mgeni anayetafuta nyumba ya mtu anaelekezwa kwa kanisa, kwa kambi ya jeshi, kwa geti la hifadhi au kwa mti. Basi mnunuzi anaandika 0000. Mwingine anaandika 12345. Mwingine anaomba namba ya binamu yake aliye Brussels. Kabla hajanunua hata sindano, mtu mwaminifu amekwisha kusema uongo, kwa sababu mashine imemlazimisha.

Wenye maduka wanaita jambo hilo uhakiki wa malipo. Neno ni zuri, na hakuna mtu mwenye akili anayepinga muuzaji kuhakikisha kwamba pesa ni ya yule anayeitoa. Lakini kwa namna kazi hiyo inavyofanywa kwa mteja wa Kivu Kaskazini, mteja anafukuzwa mlangoni na mtu asiyetaka hata kumwambia kwa nini, na mara nyingi anafukuzwa pesa yake ikiwa imebaki ndani.

Tuchukue fundi wa simu mwenye kibanda kando ya barabara. Anataka vioo vitano vya simu na mashine ndogo ya kulehemu, vyote kwa dola 86. Ana kadi ya Visa aliyopewa na banki yake ya Goma, na ndani kuna pesa ya kutosha. Anafika mwisho wa komande. Banki inatuma namba ya siri kwa ujumbe wa simu, ya kuingiza ndani ya dakika chache. Siku hiyo mtandao wa Rumangabo unakuja na kwenda. Ujumbe unafika muda ukiwa umekwisha. Anajaribu tena, ujumbe wa kwanza na wa pili vinafika pamoja, anaingiza ule wa zamani. Anajaribu mara ya tatu. Kwa fundi, huo ni mtandao mbaya wa Jumanne. Kwa mashine ya duka, kadi iliyojaribiwa mara tatu kwa dakika kumi kutoka Kongo ni kadi iliyoibwa. Inafungwa.

Jioni inaingia imeli: hatukuweza kuhakiki malipo yako. Anaombwa kutuma picha ya kadi mbele na nyuma, picha ya pasipoti, na fakture ya umeme au ya maji yenye jina lake na adresi yake.

Hapo ndipo inaonekana kwamba aliyeandika orodha hiyo hajawahi kuwaza kwamba kuna mtu anaishi namna nyingine. Umeme wa Virunga Energies, ule unaotoka Matebe na kufika Rumangabo na Goma, mteja anaununua mapema, kama mayunite ya simu. Akimaliza, ananunua tena. Hakuna karatasi ya mwisho wa mwezi yenye jina na namba ya nyumba. Maji ni ya bomba la jamii au ya mvua. Pasipoti wanayo wasafiri. Kitambulisho ambacho Mkongomani wa kawaida anacho mfukoni ni kadi ya mpiga kura, na hata hiyo ina habari yake: mwaka 2023 sehemu kubwa ya Rutshuru na ya Masisi haikuandikisha wapiga kura kwa ajili ya vita, na uchaguzi wa Desemba mwaka ule haukufanyika huko. Kadi walizo nazo wengi ni za kabla ya uchaguzi wa 2018, picha imefifia, plastiki imefunguka pembeni. Fundi anaipiga picha na kuituma. Mashine ya duka inajibu kwamba hati haitambuliki.

Na ile picha ya kadi mbele na nyuma? Hapa lisemwe bila kuzunguka: duka linaloomba picha ya pande zote mbili za kadi kwa imeli au kwa WhatsApp linafanya kosa, na linajua au lilipaswa kujua. Kampuni za kadi zina kanuni zao za usalama, PCI DSS, zilizoanza 2004. Kanuni hizo zinakataza duka kuhifadhi zile tarakimu tatu za nyuma ya kadi baada ya malipo kupewa kibali. Zinakataza pia kutuma namba nzima ya kadi kwa njia ya ujumbe bila kuifunga kwa siri. Picha moja kwenye imeli inavunja yote mawili. Mteja anaombwa kuthibitisha kwamba hakuibiwa kadi kwa kufanya kitendo ambacho ndicho kinachofanya kadi ziibwe. Benki yoyote ya Goma ingemkemea. Lakini fundi anataka vioo vyake, wateja wanamsubiri, na anayeomba ni duka kubwa lenye nembo nzuri, anatuma.

Tuseme sasa na pesa. Komande imekataliwa, lakini simu ya fundi ilikwisha kupokea ujumbe wa banki: dola 86 zimetoka. Anaandikia duka. Duka linajibu kwa upole kwamba halikuchukua kitu. Anaona wanamdanganya. Kwa kweli wote wawili wanasema kweli, na hakuna anayejisumbua kumweleza. Malipo ya kadi yana hatua mbili. Kwanza duka linaomba kibali, na banki inatenga pesa hiyo pembeni isitumike kwa kitu kingine. Baadaye duka linaidai, na ndipo pesa inasafiri. Komande ikikataliwa katikati ya hatua hizo, pesa haiko kwa duka na haiko kwa mteja; imekaa kizuizini.

Duka lina uwezo wa kutuma amri ya kufuta kile kibali siku hiyo hiyo. Ni kazi ya kubonyeza, na programu nyingi za malipo zinaweza kuifanya zenyewe. Maduka mengi hayafanyi. Yanaacha kibali kife chenyewe, na kinaweza kuchukua siku saba, au wiki kadhaa, kufuatana na banki na aina ya kadi. Kwa mtu wa Lyon mwenye mshahara na kadi mbili hilo ni usumbufu mdogo. Kwa fundi wa Rumangabo dola 86 ni mtaji wa kibanda. Duka halikumwibia, ni kweli. Limemfungia pesa kwa uvivu wake, halafu limemwachia yeye kazi ya kwenda kuuliza banki.

Banki ipi? Mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipoingia Goma, banki za mji zilifunga milango. Aprili mwaka huo wenye kuutawala mji walifungua ofisi za CADECO, lakini hiyo si banki iliyotoa kadi ya Visa ya fundi. Aliyekuwa na kadi iliyokwisha muda, au aliyebadili namba ya simu baada ya kuibiwa, hakuwa na dirisha la kwenda. Namba ya siri inaendelea kutumwa kwenye laini ya zamani. Kuna waliovuka mpaka kwenda kutafuta mashine za kutoa pesa Rwanda, na kuna waliobaki kwa mawakala wa simu, ambao pesa taslimu ilipokuwa adimu walikata zaidi ya bei iliyobandikwa ukutani. Katika hali hiyo imeli ya duka inayosema “wasiliana na banki yako” ni maneno ya mtu aliyemaliza kazi yake na kunawa mikono.

Wauzaji wana utetezi wao, na si wa uongo. Wezi wa kadi wapo wengi, na wanafanya kazi kwa mashine. Wananunua maelfu ya namba zilizoibwa na kuzijaribu moja moja kwa ununuzi mdogo, kuona ipi bado inaishi. Mwenye kadi akigundua, analalamika kwa banki yake. Kwa kawaida ana siku 120. Banki inarudisha pesa kutoka kwa duka. Duka linapoteza bidhaa iliyokwisha kusafiri, linapoteza pesa, na linatozwa ada juu yake. Likifanyiwa hivyo mara nyingi, kampuni ya malipo inaweza kulifungia kabisa. Mwenye duka dogo la Antwerp anayeuza vifaa vya mafundi hana akiba ya kubeba hasara hiyo, na mtu asimtukane kwa kuogopa.

Lakini utetezi huo unaishia mahali. Tangu mwanzo wa miaka ya 2000 kuna utaratibu wa kumfanya mwenye kadi ajithibitishe kwa banki yake mwenyewe, ndiyo ile namba ya siri inayotumwa kwa simu au kibali ndani ya programu ya banki. Mafundi wanauita 3-D Secure. Visa na Mastercard kila mmoja ana jina lake la biashara kwa ajili yake. Uhindi iliulazimisha hatua ya pili ya namna hiyo kwa malipo ya kadi kwenye intaneti tangu 2009. Umoja wa Ulaya ukaweka sheria yake, ikaanza Septemba 2019. Na utaratibu huo una faida ambayo wauzaji hawapendi kuitaja mbele ya mteja wa Afrika: mteja akijithibitisha vizuri kwa njia hiyo, hasara ya kadi iliyoibwa, isipokuwa katika hali chache, inahama kutoka kwa duka na kwenda kwa banki iliyotoa kadi. Yaani fundi akiingiza namba sahihi, ikakubaliwa, muuzaji wa Antwerp amekwisha kulindwa. Kinachobaki baada ya hapo ni nini? Kinabaki kisanduku cha namba ya posta, na jina la nchi.

Kile kisanduku nacho kina siri yake. Mfumo wa kulinganisha adresi unatumiwa hasa na banki za Marekani, Kanada na Uingereza. Unachukua tarakimu za nyumba na namba ya posta aliyoandika mteja, unaziuliza kwa banki yake kama zinalingana. Banki isiyo katika mfumo huo haijibu kwamba adresi ni ya uongo. Inajibu kwamba haiwezi kuhakiki. Ni majibu mawili tofauti kabisa, kama tofauti ya shahidi anayesema “huyu si yeye” na shahidi anayesema “sikuwepo.” Ni mwenye duka, katika ukurasa wa mipangilio ya programu yake, anayechagua kuyahesabu kuwa jibu moja. Hakuna sheria ya Visa inayomlazimisha. Alibonyeza kitufe siku anafungua duka, pengine bila kusoma, na tangu siku hiyo nchi nzima nzima ziko nje.

Kuna na ile ya mahali. Goma imegusana na Gisenyi. Watu wengi wana laini mbili, ya Kongo na ya Rwanda, na wanatumia intaneti ya ile inayovuta vizuri siku hiyo. Vifurushi kutoka nje vinapitia Kigali au Kampala, na uwanja wa ndege wa Goma ulipofungwa Januari 2025 hakukubaki njia nyingine ya maana. Basi komande ya mtu wa huku inaonekana hivi kwa mashine: kadi ya Kongo, intaneti ya Rwanda, namba ya simu inayoanza na +243, na kifurushi kiende kwa wakala Gisenyi. Mashine inahesabu nchi mbili, adresi ambayo si ya mwenye kadi, namba ya posta ya kubuni. Kila alama ni ya mwizi. Na kila alama ni maisha ya kawaida ya mtu yeyote anayepita barieri ndogo asubuhi na jetoni mkononi kwenda kununua viazi.

Wengine wanajitetea kwa orodha ya kijivu. Ni kweli, Oktoba 2022 kundi la kimataifa linalopambana na utakatishaji wa pesa, FATF, liliweka Kongo kwenye orodha ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu. Siku hiyo hiyo iliingia Tanzania pia, ambayo imetoka Juni 2025. Orodha hiyo inahusu udhaifu wa serikali katika kukamata pesa chafu. FATF yenyewe inasema haitaki nchi za orodha hiyo zikatwe, na haitaki kundi zima la wateja lifukuzwe. Muuzaji wa vioo vya simu anayejificha nyuma ya FATF hajasoma hata ukurasa mmoja wake.

Yanayochekesha, kama mtu ana nguvu za kucheka, ni kwamba Rumangabo si mahali pasipojulikana na kadi za banki. Ni makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Virunga, iliyoanzishwa 1925, iliyo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 1979. Enzi utalii ulipokuwa wazi, mtalii wa London alikuwa akilipia kibali cha kuona gorila wa milimani kwa dola 400, akiwa kitandani kwake, kwa kadi. Mpaka leo mtu wa Chicago anaweza kutoa mchango kwa askari wa hifadhi kwa kadi hiyo hiyo, kwa dakika mbili. Chokoleti inayotengenezwa Mutwanga inauzwa Ulaya kwa intaneti. Mwaka 2020, hifadhi hata ilianza kuchimba bitcoin kwa umeme wa Luviro. Jina la Rumangabo, basi, linaaminika kabisa pesa inapokuja. Mwangalizi wa hifadhi na mlinzi wa geti wakitaka kulipa dola 20 kwenda upande ule, jina hilo hilo linakuwa sababu ya kukataliwa. Kosa la hilo si la hifadhi. Linaonyesha tu kwamba ugumu si wa ufundi: waya ni ule ule, kompyuta ni zile zile.

Na nani anasema kwamba uhakiki hauwezi kufanywa kwa heshima? Aende Birere. Wauzaji wa simu na wa vitambaa wa Birere wanapokea kila siku pesa ya watu wasiowaona, wa Rutshuru, wa Walikale, wa Bukavu, kwa M-Pesa, Airtel Money na Orange Money. M-Pesa iko Kongo tangu 2012, na wezi wake ni wa siku hizo hizo. Wanatunga ujumbe wa uongo unaofanana na wa kampuni hata nukta, wanatuma picha ya skrini iliyochezewa. Mama wa Birere hatazami simu ya mteja. Anatazama yake.

“Mama, nilishakutumia.”

“Haiyafika bado, papa. Ikala kwanza.”

Anampa kiti. Anapiga namba ya kuangalia salio. Mtandao ukichelewa anamwambia ni mtandao, hamwambii ni mwizi. Pesa ikiingia, anamhesabia bidhaa bila kuuliza alikozaliwa. Ikienda kwa mtu mwingine kwa kosa la tarakimu, wanapiga simu kwa kampuni pamoja, wote wawili wakisikiliza. Hana programu ya akili ya mashine, hana ofisi ya kupambana na wizi. Ana kitu ambacho duka la Antwerp limekiondoa: anahakiki pesa, mtu anamwachia utu wake, na mteja anajua dakika kwa dakika jambo limefika wapi. Wauzaji wa Birere wana dhambi zao, hasa kwenye betri wanazoziita mpya, lakini kwa hili wangeweza kufundisha.

Tazama sasa kinachotokea kwa wale waliokataliwa. Hawaachi kununua. Wanamtafuta “mwenye kadi.” Kila mji una wake: kijana wa Goma, wa Kigali au wa Kampala ambaye kadi yake inapita, anayelipa kwa niaba ya watu na kukata asilimia yake. Mnunuzi anampa pesa kwa simu, anampa orodha, anasubiri. Wengine wananunua kwenye makundi ya WhatsApp kadi za namba tupu ambazo hakuna ajuaye zimetoka wapi. Wengine wanaweka programu ya kuficha mahali, waonekane wako Paris. Wengine wanakodi namba ya simu ya ng'ambo ya kupokelea namba ya siri. Kijana mwaminifu mwenye kadi yake halali, jina lake halali na pesa yake halali amefukuzwa. Anarudi kwa dirisha na kadi ya mtu mwingine, adresi ya uongo na nchi ya uongo, na safari hii anapita. Mashine imepanga foleni upya: mkweli amebaki nje, aliyejifunza kudanganya yuko ndani. Kisha mwisho wa mwaka wenye maduka wanahesabu matatizo yaliyotoka Afrika, wanaona yameongezeka, wanakaza visanduku.

Mwenye kadi huyo akikimbia na pesa, na wapo wanaokimbia, nani atalalamikiwa? Duka halimjui mnunuzi wa kweli. Banki haimjui. Fundi hana karatasi hata moja.

Banki za hapa nazo zisikae zikitazama kama wageni kwenye kilio cha jirani. Zinabandika picha za kadi zikisema inakubaliwa dunia nzima. Mteja analipia kadi, analipia kila mwezi, na hakuna anayemwambia kwamba malipo ya intaneti huenda yamezimwa mpaka aombe yafunguliwe, kwamba kuna kiasi cha juu kwa siku, kwamba namba ya siri itakwenda kwa laini aliyoiandikisha siku ya kwanza tu. Namba ya siri kwa ujumbe wa simu, katika eneo ambalo mtandao unakatika kwa mvua na kwa risasi, ni uamuzi wa banki; kibali ndani ya programu, kinachopita kwa Wi-Fi yoyote, kingekuwa msaada mkubwa. Kenya, Safaricom na Visa walizindua Juni 2022 kadi ya mtandaoni iliyofungwa kwenye M-Pesa ya mteja, ili pochi ya simu ambayo mtu anayo tayari iweze kulipa duka lolote la Visa. Mkaaji wa Rumangabo naye ana pochi ya simu, anaijua kuliko anavyojua banki, na wakala wake yuko hatua ishirini kutoka nyumbani. Kuanzia hapo kungekuwa na maana kuliko kumuuzia plastiki isiyopita.

Kinachodaiwa kwa maduka si kikubwa, na hakuna hata kimoja kinachohitaji wamwamini mtu yeyote kwa macho. Wasiouza Kongo waseme hivyo kwenye ukurasa wa kwanza, kabla ya mtu kuandika namba ya kadi. Kukataa wazi ni haki ya muuzaji. Wanaouza, waondoe nyota nyekundu kwenye namba ya posta mteja anapochagua nchi isiyo nayo. Programu za duka zinaweza hilo tangu zamani, na mara nyingi zinakuja hivyo kiwandani. Banki ya mteja ikikubali namba ya siri, wakubali na wao. Kama bado wana shaka, waulize kitu ambacho mtu wa huku anacho: kiasi kidogo kinachokatwa na kurudishwa, ambacho mteja anakisoma kwenye ujumbe wa banki yake, kinathibitisha kwamba kadi iko mikononi mwake vizuri kuliko fakture ya maji. Kadi ya mpiga kura ni hati ya dola ya Kongo; banki za Kongo zinafungulia akaunti kwayo. Na wakikataa, wafute kibali saa hiyo hiyo, waandike imeli yenye tarehe, kiasi, na jina la mtu anayeweza kujibiwa, si anwani ya mashine isiyopokea majibu.

Mpaka hayo yafanyike, anayenunua kutoka Rumangabo, Kibumba au Kiwanja anafanya vema kuyajua machache. Ujumbe wa banki unaosema pesa imetoka usifutwe. Duka likisema limerudisha, liombwe namba ya marejeo ya muamala, ile tarakimu ndefu ambayo banki inaweza kuifuatilia. Duka ambalo limerudisha kweli linayo. Likisema halikuchukua kitu, liombwe kwa maandishi lithibitishe kwamba limefuta kibali, na siku gani. Picha ya nyuma ya kadi isitumwe kwa yeyote, hata anayeomba kwa jina la duka kubwa. Aliyekwisha kuituma aombe kadi hiyo ifungwe. Na malalamiko kwa banki yaandikwe mapema, kwa imeli kama dirisha limefungwa, kwa sababu zile siku 120 zinaendelea kuhesabiwa hata mlango wa banki ya Goma ukiwa na kufuli.